Shati la Buluu

Shati langu la buluu, leo rangi huijui,
limefifia, na juu, kola haijitambui,
kwapani lina nafuu, upepo haubagui,
nikilivaa sijui kama nimevaa nguo.

Fundi Kupi wa Langoni, kola ameigeuza
mara mbili, na shingoni kiraka akapenyeza;
nikarudi Ramadhani, kicheko akakimeza:
“Sindano itajikaza wapi? Pamebaki nyuzi.”

Vifungo vilikuwapo sita, vya rangi ya pembe;
viwili ndivyo vilipo, cha tatu ganda la kombe;
pini yashika palipo wazi, nyama isitambe.
Lakini mtu asambe kwamba sina la badili.

Sandukuni yamekaa saba, yangali na pini,
kila shati limevaa kadibodi kidevuni,
nondo wanashikwa njaa kwa nafatalini ndani;
huletwa kila idini na mwanangu Bwanaheri.

Mwanamize mke wangu, akiniona hununa:
“Watu wapika majungu, husema hatuna tena;
unapita kama chungu kilichotoboka jana.
Saba mapya hujaona? Wamwekea nani, Shee?”

Idi nikaona kheri, jipya moja nikatoa,
pini nne, kwa uzuri, nikaona, nikang'oa;
ya tano ilijisiri, ubavu ikatoboa.
Nikenda kama wa ndoa siku ya kwanza, wima tu.

Kola yanikaba koo, shingo haigeukiki,
nang'ara kama kioo, kiwiko hakikunjiki;
kijana kabeba ndoo asema, hanikumbuki:
“Karibu Lamu, rafiki, wataka chumba kwa siku?”

Mimi niliyezaliwa mlango wa tatu hapo!
Jandoni alipotiwa, nilikuwa mimi papo;
leo mimi naambiwa bei ya kitanda ipo.
Kumbe mimi sasa sipo, nilibaki kwenye shati.

Nikageuza nyumbani, Mize katoka kwa shoga;
kambani, msumarini, shati halipo; kwa woga
nikapekua jikoni, nikafunua na mboga,
ndipo jicho likapiga sanduku lake la chini.

Juu leso mpya, doti kumi, hazijafuliwa;
chini yake, sio shati, leso moja imeliwa
na miaka, katikati kwa udi imeunguwa:
ile aliyofungiwa siku niliyomuoa.

Jina lake limekwenda, herufi zimebakia
tatu, nazo zinapanda, zashuka, zinafifia;
nikataka kuziunda, neno halikutimia.
Mwenyewe hulipitia kwa moyo, bila herufi.

Nikakunjua, naona ndani yake kuna kitu:
shati langu lile, tena lanukia kama mtu;
penye pini sasa pana kifungo rangi ya kutu.
Kumbe huyu mke, watu! Kinywa mbali, moyo mbali.

Akaingia ghafula, buibui hajavua;
akanitazama, wala hakununa; alitua.
“Hiyo leso ya kulala,” kasema, “hukuijua.
Hilo lako nalifua mwenyewe, lisije kufa.”

Sasa tuna mapatano: mapya ni ya walimwengu,
na Idi, na mikutano, na hitima za wenzangu.
Komeo, kisha maneno ni yetu, na shati langu,
na leso ya mke wangu, ile ya herufi tatu.

Jana mwana kapigia simu: “Baba, shati vipi?”
“La ajabu!” kamwambia; sikumwambia ni lipi.
“Nilete la nane pia? Mkono mrefu? Mfupi?”
Nikakwama: rangi ipi? “Buluu,” Mize kajibu.